Nani Anayapoza Maji

Maji yalipoa Aizirek akiwa amekwisha kumpaka mwanawe sabuni kichwani. Hayakupoa kidogo kidogo. Yaligeuka ghafla, na Ayim, aliyekuwa akiimba huku ameziba macho kwa viganja, akapiga ukelele uliosikika hadi kwenye ngazi za jengo.

“Baridi, Mama! Baridi!”

Aizirek akasukuma mkono wa bomba upande wa alama nyekundu mpaka ukagota. Shawa ikaendelea kumwaga maji ya barafu. Akamfunika mtoto taulo, povu likimchuruzika shingoni, akakimbia naye jikoni kubandika birika. Dirisha la jikoni lilikuwa limeota barafu kwa ndani, na huko nje moshi wa makaa ya mawe ulikuwa umeulalia mji mzima wa Bishkek, hata milima haionekani.

Ayim akakohoa. Aizirek akasimama tuli na kusikiliza. Kikohozi hakikurudi.

Majira ya baridi yaliyopita waliishi kule pembezoni, ambako kila nyumba ina jiko lake la makaa, na kifua cha mtoto kilipiga filimbi tangu theluji ya kwanza hadi ya mwisho. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mwaka mwingine wa moshi ule ndani ya nyumba asimletee mtoto, amletee maiti. Ndipo wakahangaika mpaka wakapata nyumba hii ya ghorofa ya tatu, ambayo kuta zake hupashwa joto na mabomba ya serikali. Tangu wahamie, Ayim alikuwa akilala kimya. Kimya kile ndicho Aizirek alichokuwa akikiamkia kila usiku ili akisikilize.

“Umemmwagia mtoto maji ya barafu?” Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa mama mkwe wake, Bi Burulcha, mwanamke mrefu aliyejifunga kitambaa cheusi cha msiba. Alikuwa amemzika mumewe kijijini kwao Naryn wakati wa mavuno, na mwanawe Melis akamchukua aje apitishe kipupwe huku mjini.

“Yamepoa yenyewe, Mama.”

“Yenyewe! Maji yana akili? Mimi nimetoka kunawa sasa hivi, yalikuwa ya uvuguvugu mzuri kabisa.”

Kabla Aizirek hajajibu, mlango uligongwa kwa ngumi. Alikuwa Bi Klara, aliyekaa chini yao, ghorofa ya pili. Nyumba waliyopanga ilikuwa yake, na juu ya hapo yeye ndiye mwenyekiti wa jengo. Kichwani alikuwa na rangi ya nywele aliyoiosha nusu. Upande mmoja mwekundu kama bitiruti, upande mwingine mvi.

“Niangalie,” alisema. “Niangalie vizuri! Mtu atatoka hivi nyumbani kwake? Maji ya moto hakuna upande huu wote, chini mpaka juu. Na mtambo wa mji wa kupasha maji hauna shida, nimepiga simu. Kuna mtu humu humu anatuharibia.”

“Sisi hatujagusa kitu, Bi Klara.”

“Kila mtu anasema hivyo hivyo. Sasa sikiliza, nimeshawatangazia wote pale ngazini: nyumba itakayokutwa na kosa, kama ni ya mpangaji, mpangaji afunge virago. Hata ikiwa nyumba yangu mimi. Sitaki kuambiwa nawafichia wapangaji wangu.” Akamtazama Ayim, akalainika kidogo. “Kama hukugusa kitu, binti, huna la kuogopa.”

Aizirek akafunga mlango, akarudi kumsuuza mtoto povu kwa kikombe.

*

Fundi aliitwa Ernis. Alikuwa kijana mnene, mifuko ya koti imejaa mbegu za alizeti, na kila jambo alilijua kabla hajaliangalia.

“Chokaa hiyo,” alisema, akaifungua shawa na kuigonga kwenye ukingo wa beseni. Vipande vyeupe vikadondoka kama meno yaliyovunjika. “Loweka kwenye siki mpaka kesho.”

Aizirek akailoweka. Nyumba nzima ikanuka achari. Kesho yake shawa ilitoa maji mengi zaidi, yote baridi.

Ernis akarudi, akalifungua bomba lenyewe. “Mpira wa ndani umekwisha,” akasema, akaweka mwingine. Maji baridi. Akapanda ghorofa ya juu kabisa kutoa hewa kwenye mabomba, akashuka amelowa hadi magotini. Maji baridi. Kilichomchanganya ni kwamba hayakuwa baridi siku nzima. Kuna saa yalikuja ya moto, watu wakakimbilia mabafuni na mataulo, kisha yakawageuka wakiwa na sabuni machoni. Ghorofa ya nne walianza kuoga kwa zamu, mmoja ndani, mwingine mlangoni ameshika ndoo.

Mara ya tatu Ernis akalishika bomba la maji ya moto kwa kiganja.

“Mguu wa marehemu,” akasema. “Unaona, dada? Hili linatakiwa likuunguze. Kuna mahali maji baridi yanakutana na ya moto na kuyasukuma yarudi. Mahali wapi sasa, ndiyo kazi.” Akatazama huku na huku. “Choo kile pale?”

Choo kilikuwa chumba chake peke yake, mkabala na bafu. Ernis akanyoosha mkono kushika kitasa. Ndani, Bi Burulcha akakohoa kikohozi kimoja kikavu.

Ernis akaurudisha mkono kama aliyeguswa na moto. Masikio yakamwiva. “Hapana, hapana, si lazima,” alisema kwa sauti ya chini. “Choo hakiogewi. Tutaangalia za wenzenu.” Akatoka huku akiomba radhi kwa mlango uliofungwa.

*

Aizirek aligundua alfajiri, wala hakuwa akitafuta. Mama mkwe wake alikuwa ametoka chooni kujitayarisha kwa sala, na yeye akaingia kupangusa sakafu isije ikamtelezesha mzee. Kimpira cha kunawia, kile chenye kichwa cha kubana, kilikuwa kimening'inia ukutani, kinadondosha tone moja moja.

Melis ndiye aliyekinunua. Huko kijijini mama yake alitumia birika la shaba la kunawia, na magoti yake hayakuweza tena kuchuchumaa nalo. Katika vitu vyote vya mjini, lifti, taa za barabarani, maduka yenye milango inayojifungua, hiki ndicho pekee alichokipenda. Aliwasimulia dada zake wote kwa simu: unabana kichwa chake, maji ya uvuguvugu yanakuja, unaachia, yanakoma. Basi.

Aizirek akatazama juu ya kile kimpira. Vikoki viwili, cha maji baridi na cha maji ya moto, vilikuwa wazi vyote.

Akasimama na tambara mkononi. Maji yalikuwa yamekoma pale kwenye kichwa cha kubana, kweli. Lakini nyuma yake njia ilikuwa wazi, na maji baridi, yenye nguvu zaidi, yalikuwa yakipita hapo hapo kimyakimya, yakiingia kwenye bomba la moto la jengo zima. Bi Burulcha alivifungua vyote viwili ili apate uvuguvugu wake, akamaliza, akaachia, maji yakakoma. Nani arudi kufunga kitu kilichokwisha kufunga?

Akavifunga. Akaingia bafuni, akafungua shawa, akaweka mkono chini yake. Baridi. Baridi. Kisha uvuguvugu. Kisha moto, moto hata akauvuta mkono, na mvuke ukapanda mpaka darini. Furaha ilimjaa akataka kuita watu. Alifungua mdomo kabisa.

Kisha akakumbuka aliyeacha vikoki wazi ni nani, akaufumba.

Mkamwana hamwambii mavyaa wake kwamba chumvi imezidi. Hamkatizi maneno, hampi kisogo, jina lake halitamki. Na hili halikuwa jambo la chumvi. Lilikuwa jambo la chooni, la mwanamke mzima aliyefiwa, na namna anavyojisafisha akiwa amejifungia peke yake. Aizirek akajaribu kuyapanga maneno kichwani pale bafuni, moja baada ya jingine, na hakupata hata moja ambalo lingeweza kutoka kinywani mwake likasikika kama heshima.

*

“Vikoki gani?” Melis aliuliza. Alikuwa anavaa viatu aende kwenye gari lake la kusambaza mikate.

Akamweleza. Melis akamkodolea macho, kisha akaangua kicheko, akajiziba mdomo mama asisikie.

“Unataka nikae kitako na mama yangu nimuulize, Mama, ukimaliza haja unafanyaje?”

“Usimuulize. Mwambie tu.”

“Mimi mwanamume, Aizirek! Hata marehemu baba asingethubutu. Mwambie wewe, si mwanamke mwenzake?”

“Mimi ni mkamwana.”

“Sasa?”

“Sasa unajua.”

Melis alijua. “Kama Jazgul angekuwa karibu,” akasema. Jazgul alikuwa dada yake, ameolewa huko huko Naryn.

“Basi kiondoe kile kimpira.”

“Nimnyang'anye? Kitu kimoja alichokipenda tangu baba afe?” Akavaa kofia. “Wewe ukiona ametoka, ingia ufunge. Basi. Kuna ugumu gani?”

“Bi Klara akijua ni nyumba hii, tunatoka. Umesikia alivyotangaza? Ayim tutampeleka wapi?”

“Ndiyo maana nakwambia ufunge,” alisema Melis, akaondoka.

Ikabaki njia moja. Kwao, mwanamke akitaka kumwonya mkamwana wake humgombeza binti yake wa kumzaa, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Binti anajua hasemwi yeye, na mkamwana anajua anasemwa nani. Bi Burulcha alikuwa bingwa wa jambo hilo. Mwaka wa kwanza wa ndoa, Aizirek alijifunza kukanda unga, kumimina chai na kuamka kabla ya jua kwa kusikiliza Jazgul akifokewa. Hakuwahi kusikia mkamwana aliyeigeuza njia ile akapita kinyumenyume. Lakini akamwita Ayim jikoni, akaacha mlango wazi.

“Ayim, mwanangu! Kumbe wewe ndiye unayetuletea balaa!” Sauti yake mwenyewe ilimtisha. “Mtu akimaliza na kile kimpira, kubana na kuachia hakutoshi. Lazima afunge na vile vikoki viwili, cha buluu na chekundu, la sivyo jengo zima linakosa maji ya moto!”

Ayim akamtazama, kidole mdomoni. Kule chumbani, mkeka ulikwaruza. Bi Burulcha akaja na tasbihi yake mkononi.

“Huyu?” akauliza. “Huyu ndiye?”

Aizirek akainamisha macho. “Namfundisha tu, Mama.”

“Vikoki viko juu ya tangi la choo. Mtoto huyu anavifikia kwa mbawa?” Akamnyanyua Ayim, aliyekuwa amekwisha kuanza kulia kwamba hakugusa, hakugusa kitu. “Watu wamewakaba koo kwa sababu ya maji, sasa mnamtwisha mtoto. Nyamaza, kipenzi changu. Bibi anajua hukugusa.”

“Nimekosea, Mama,” alisema Aizirek.

*

Basi akaanza kumfuata. Mlango wa choo ukifunguka, aliacha alichokuwa anakifanya, unga, pasi, simu, akangoja nyayo zipite ukumbini, akaingia na tambara mkononi ili aonekane ana kazi. Akafunga vikoki, akatoka. Siku kadhaa jengo likapata maji. Ngazini watu walianza kusalimiana tena, na Bi Klara akapaka upande wa pili wa kichwa. Akitoka sokoni, Aizirek alipanda ngazi mbio. Asingeweza kukaa mbali muda mrefu.

Jambo lingine aliliona kwa kuchelewa. Chai ya Bi Burulcha ilikuwa inabaki bakulini. Mwanamke aliyezoea kunywa mpaka birika liinamishwe sasa alilowesha midomo tu, akasema imetosha. Mchana alikaa kwenye godoro lake, mgongo wima, midomo imekauka, kama mtu aliye safarini kwenye basi lisilosimama.

Siku moja alisahau tasbihi chooni, akarudi kuichukua, akamkuta Aizirek ameinama, mkono mmoja juu ya tangi, mwingine una tambara.

“Nanuka?” Bi Burulcha aliuliza.

“Mama! Mungu apishe mbali.”

“Niliwaogesha wakwe zangu wawili mpaka wakafa. Kwa mikono hii. Baba mkwe wangu hakuwa anajiweza kabisa. Lakini nilisubiri asinzie ndipo nibadilishe shuka, asije akaona naona kinyaa.” Hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha. “Wewe hata mlango haujapoa, umeshafika na tambara.”

Ilikuwa hapo sasa. Neno moja lingetosha. “Mama, ni vikoki tu, vina…”

“Vikoki!” Bi Burulcha akatikisa kichwa. “Kwanza mtoto, leo vikoki. Jumamosi Melis atanipeleka stendi. Nyumba yangu haijaanguka, ipo.”

Nyumba ile ilikuwa imefunikwa na theluji hadi madirishani, jiko halijawashwa tangu mazishi, na barabara ya mlimani ilifungwa kila dhoruba ikija. Melis alipoambiwa, hakula. “Watu watasemaje?” alimuuliza mkewe chumbani, meno yamebana. “Mama yangu arudi kukaa peke yake kwa sababu mke wangu anafuta nyuma yake? Nilikwambia ufunge, sikukwambia umdhalilishe!”

“Mwambie basi kwa nini nafunga.”

“Mwambie wewe!”

Aizirek akajilaza karibu na Ayim. Wazo likamjia, na lilikuja likiwa limevaa nguo safi kabisa: mama mkwe akiondoka, maji yatatulia. Hakuna atakayejua. Nyumba itabaki, mtoto atapumua. Hakuhitaji kutenda chochote, anyamaze tu mpaka Jumamosi, na kunyamaza ndiyo adabu yenyewe aliyofundishwa. Akageukia ukutani, akajiona mbaya kuliko alivyowahi kujiona.

*

Ijumaa asubuhi mkoba wa Bi Burulcha ulikuwa tayari mlangoni, umefungwa kwa kamba. Aizirek alikuwa amejizuia kumfuata tangu jana. Hakuweza kuinuka tena na tambara lile. Kwa hiyo maji yalikuwa baridi, na kabla ya saa nne ngumi zikaanza mlangoni.

Bi Klara aliingia na Ernis, na nyuma yao mzee wa ghorofa ya tano na mwanamke wa ghorofa ya nne, aliyebeba ndoo kama ushahidi.

“Leo na vyoo,” alisema Bi Klara. “Vya wote. Cha kwangu kimeshaangaliwa.”

Bi Burulcha alikuwa ndiyo kwanza anatoka huko, mikono ina maji bado. Akapisha, akasimama kando ya ukuta. Ernis akaingia, na mara moja akapiga kelele kama aliyeona nyoka.

“Hiki hapa! Hiki hapa, jamani! Angalieni! Vikoki vyote wazi, kichwa kimefungwa. Maji baridi yanapita hapa yanaingia kwenye moto. Wiki tatu nahangaika na hewa!”

Majirani wakasogea kuangalia. Watatu katika ukumbi ule mwembamba, wote wanachungulia chooni.

“Nani?” aliuliza Bi Klara. “Nani anaacha hivi?”

Aizirek akamtazama mama mkwe wake. Uso wa Bi Burulcha ulikuwa unabadilika taratibu, kama wa mtu anayesikia jina lake likiitwa katika umati asioujua. Alitazama vikoki. Akatazama mikono yake iliyolowa, akaificha ndani ya shali.

“Ni mimi,” alisema Aizirek.

“Wewe?”

“Mimi. Nilidhani nikiachia inatosha.”

Bi Klara akavuta pumzi, na yaliyofuata yalisikika mpaka uani. Msichana aliyesoma chuo! Kichwa cha nini hicho, cha kubebea kitambaa? Watu wazima wanaoga kwa ndoo, yeye mwenyewe ametembea na kichwa cha rangi mbili kama bendera, kumbe mharibifu yuko juu ya dari lake, tena alimkazia macho akasema hatujagusa kitu! Aizirek alisimama ameinamisha kichwa. Ayim alikuja akamshika sketi.

“Ulitangaza, Klara,” alisema yule mwanamke wa ndoo. “Wote tulisikia.”

Bi Klara akasita. Akamtazama mtoto, akawatazama majirani. “Nilitangaza,” akasema. “Basi. Mwisho wa mwezi.”

Aizirek hakulia. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha Ayim, akawaza kule pembezoni, jiko, ndoo ya makaa, filimbi ile kifuani.

“Klara,” aliita Bi Burulcha.

Aliita jina tupu, kama anavyoita mkubwa. Wote wakageuka.

“Wewe ulizaliwa humu humu mjini?”

“Ndiyo. Kwani?”

“Huyu amezaliwa kwetu, nimemtoa kwetu. Huko tunanawa kwa birika. Mkamwana asipojua kitu, aibu ni ya mavyaa wake, si ya mwenye nyumba. Kama kuna wa kumfukuza, ni mimi.” Akamgeukia Ernis. “Fundi. Mwonyeshe.”

Ernis akakuna kichwa, akaingia tena. “Hivi, dada. Ukimaliza, funga hivi viwili kwanza. Halafu bana kichwa, maji yaliyobaki yatoke. Halafu tundika.”

“Mwonyeshe tena,” alisema Bi Burulcha. Alikuwa amesogea hadi kwenye fremu ya mlango. “Taratibu. Kichwa chake kizito huyu.”

Ernis akarudia.

“Na vinafungwa upande gani? Mwambie, asije akakosea.”

“Upande wa kulia. Vyote viwili.”

“Kulia. Umesikia? Sasa afanye mwenyewe.”

Aizirek akaingia, akafunga, akabana, akatundika, mbele ya fundi, mzee, mwanamke na ndoo yake. Bi Burulcha hakumtazama usoni hata mara moja. Alitazama mkono wake tu, bila kupepesa, kama mtu anayejifunza aya.

“Hatasahau tena,” alisema alipomaliza.

Bi Klara alikunja kitambaa chake, akakikunjua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetangaza jambo kwa sauti kubwa. “Kwa heshima yako wewe,” akasema hatimaye, “na msiba ulionao. Lakini mara moja nyingine tu, Bi Burulcha, mara moja!”

Walipoondoka wote, Aizirek alingoja. Hakujua anangoja nini. Bi Burulcha akauinua mkoba wake kwa shida, akaurudisha chumbani mwenyewe, akafunga mlango.

Melis alirudi jioni akiwa ameshasikia yote ngazini. Alikula vizuri. “Afadhali limekwisha hivyo,” akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, na kumpigapiga begani kidogo, kama anavyompongeza msaidizi wake wa garini.

*

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Jazgul na jamaa wengine wa Naryn wakaja kuwatazama. Nyama ilichemka, meza ikajaa, mabakuli ya chai yakazunguka. Tangu Ijumaa ile maji hayakuwahi kupoa tena. Kila alfajiri Aizirek, akiwa kitandani, alisikia vikoki vikikazwa kimoja baada ya kingine, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Yeye na mama mkwe wake hawakuwa wamelizungumza jambo lile hata kwa nusu neno.

“Mjini kuna mambo,” Bi Burulcha aliwaambia wageni, akajiweka sawa. “Huyu mkamwana wetu nusura atufukuzishe. Jengo la watu wote hao, alilikosesha maji ya moto peke yake!”

“Peke yake?”

“Peke yake! Fundi amehangaika mpaka amekonda. Mwenye nyumba kichwa kimekuwa rangi mbili. Kumbe bibie hajui kufunga koki!”

Meza ikaangua kicheko. Melis ndiye aliyecheka kwa sauti zaidi, machozi yakimtoka. Bi Burulcha alisimulia vizuri. Akaigiza fundi, akaigiza Bi Klara, akaigiza mwanamke wa ndoo. Aizirek alikuwa mwisho wa meza karibu na birika, mahali pa mkamwana, akimimina chai na kupitisha.

“Kweli, Aizirek?” Jazgul alimgeukia, anapangusa macho. “Wewe? Mbona wewe ndiye uliyekuwa ukitufundisha simu?”

Vicheko vikapungua wamsikie. Bi Burulcha naye akamtazama, na kwa kitambo kifupi uso wake ulikuwa mtupu kabisa, uso wa mwanamke mzee aliyesimama ukumbini na mikono iliyolowa. Kutoka chumbani ilisikika sauti ya Ayim akicheza peke yake, akiimba bila kukohoa.

Aizirek aliona kwa mara ya kwanza jinsi miaka itakavyokuwa. Swali hili litaulizwa sikukuu ya Nooruz, litaulizwa harusini, litaulizwa Ayim akiwa mkubwa na kuuliza mwenyewe. Na jibu litakuwa lile lile maadamu bibi huyu yu hai, na pengine baada ya hapo.

“Kweli, wifi,” alisema. “Nilikuwa sijui kabisa.”

“Si niliwaambia!” alisema Bi Burulcha, na pumzi ikamtoka.

“Hebu tuonyeshe basi,” Jazgul alimsukuma begani, anacheka tena. “Ulikuwa unafanyaje?”

Wote wakageuka wamtazame. Aizirek akaweka birika chini, akainua mkono hewani, na taratibu, ili kila mtu aone, akawaonyesha jinsi alivyokuwa akikosea.